Stadi Iliyokatikia Ndani ya Hedi: Namna ya Kuitoa na Kuijenga Upya Injini ya Subaru WRX

Stadi, yaani kijiti cha chuma chenye meno kisicho na kichwa kinachoshikilia eksozi kwenye hedi (kichwa cha injini chenye valvu), haikatiki bila kutoa taarifa. Unapolegeza nati ya eksozi chini ya Subaru, mwanzoni spana inagoma kabisa. Ukiongeza nguvu inaanza kusogea, lakini inasogea kwa kuvutika, kama unakamua nguo mbichi. Hapo nati haifunguki. Stadi yenyewe ndiyo inayosokotwa. Ongeza robo mzunguko na utasikia "tak", spana inakuwa nyepesi mkononi, na kazi ya saa mbili imegeuka kuwa ya siku mbili.

Mwongozo huu unahusu kipande hicho kilichobaki ndani, pamoja na kazi kubwa ambayo mara nyingi huifuata. Subaru nyingi zinazofika kwangu Nyakato, Mwanza, kwa ajili ya stadi za eksozi huwa na ugonjwa wa pili ambao mwenye gari alikuwa anauvumilia: injini inakula oili, au inagonga ikishapata moto. Ikishashushwa kwa ajili ya stadi, ni hasara kuirudisha bila kuitazama ndani.

Injini ninayoizungumzia ni EJ20 ya turbo, iliyomo kwenye Impreza WRX na Forester nyingi zilizotoka Japani. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ujazo wa cc 1994, kipenyo cha silinda mm 92 na mwendo wa pistoni mm 75. Ni ukoo ule ule uliompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995. Ni injini nzuri mno, na ninaipenda, lakini haisamehi uzembe wa oili wala haraka ya mkono.

Kutu ilitoka wapi

Watu wa hapa hulilaumu ziwa. Wanasema gari linalolala Kirumba karibu na mwalo lazima liliwe na kutu. Unyevu unachangia, sikatai, ila maji ya Ziwa Victoria ni matamu, hayana chumvi. Chumvi ilikuja na gari melini. Mikoa ya kaskazini ya Japani ina theluji nyingi, na barabara zake humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko miaka kumi huja na tumbo lililoliwa hata kama rangi ya juu inang'aa. Kwenye Subaru mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu eksozi hutokea upande wa chini wa hedi, stadi zikitazama ardhi. Kila dimbwi linalokanyagwa barabarani hurushia maji kwenye chuma cha moto.

Halafu kuna suala la metali mbili. Stadi ni chuma, hedi ni alumini. Zikikutana na unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe, unga huo hujaa katikati ya meno, na stadi inabanwa kama imegundiwa. Jambo moja linatusaidia: kwa joto lile lile, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha hedi kuzunguka stadi, tundu linapanuka kuliko stadi inavyonenepa. Karibu mbinu zote nitakazoeleza zinategemea ukweli huo mmoja.

Kabla ya kushika spana

Siku mbili kabla, safisha meno ya stadi yanayoonekana kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Paka mafuta ya kupenya. Ya kopo ni sawa, lakini mimi huchanganya asetoni na mafuta ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu na kutikisa kila ninapotaka kutumia, kwa kuwa hujitenga. Paka jioni, paka asubuhi, paka jioni tena. Mchanganyiko huu unashika moto upesi sana, kwa hiyo siku ya kutumia gesi hakikisha umeshakauka na kopo liko mbali.

Siku ya kazi, gonga ncha ya stadi kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi kama ishirini. Huhitaji kuiponda, unatikisa kutu ipasuke. Tumia boksi ya pembe sita, siyo ya pembe kumi na mbili ambayo huteleza na kula kichwa cha nati. Kisha anza kwa kukaza, siyo kulegeza. Kaza kidogo tu mpaka uhisi imeshtuka, ndipo ulegeze robo, urudishe, upake mafuta, ulegeze tena. Mwendo wa kwenda na kurudi husaga ule unga na kuutoa njiani.

Majuzi kijana ninayemfundisha alipaza sauti akiwa chini ya gari: "Fundi, inakuja!"

"Inakuja na mlio au inakuja laini?"

"Laini."

"Basi toa mkono, mwanangu."

Nati inayofunguka kweli hulia, kri, mlio mkavu, halafu inakuwa nyepesi. Inayokuja kimya na kwa kuvutika inakata stadi. Ukifika hapo, ipashe nati kwa gesi hadi iwe nyekundu, iache nusu dakika, ujaribu tena. Ikigoma bado, ipasue kwa tindo au ikate ubavuni kwa grainda bila kugusa stadi. Nati mpya utaipata dukani kesho asubuhi, meno ya hedi huyapati.

Ikishakatika

Usianze kutoboa ukiwa umelala chini ya gari. Najua mteja anasubiri, na najua kushusha injini kunasikika kama adhabu. Lakini keekee iliyoshikwa juu ya uso, vumbi la chuma likianguka machoni, haiwezi kwenda wima, na tundu lililopinda milimita mbili limeharibu hedi. Injini ya Subaru ni fupi na bapa, haishindi watu wawili na winchi. Toa waya wa betri, mwaga maji na oili, ilaze pembeni kompresa ya AC bila kufungua mabomba yake ya gesi, weka alama kwenye kila paipu ndogo ya hewa, fungua bolti za gia na maundingi, nyanyua. Ikishakaa kwenye stendi, ipindue. Sasa stadi zinatazama juu na wewe unatazama chini.

Kama kipande kimebaki kirefu na meno yake ni mazima, funga nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, halafu ulegeze kwa kushika ile ya chini. Pasha hedi kwanza kuzunguka stadi. Tahadhari: alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, ile ya hedi iliyochanganywa hata mapema zaidi, huku ikionekana vile vile, na hupoteza ugumu wake mapema sana kabla ya hapo. Zungusha moto, usiutulize mahali pamoja, na jaribu kwa tone la maji: likigusa na kutoweka papo hapo, joto linatosha. Hapo gusisha mshumaa kwenye shina la stadi. Nta itayeyuka na kunyonywa ndani ya meno, na mara nyingi ndiyo inayomaliza ubishi.

Kama kimebaki kifupi, au kimekatikia sawasawa na uso wa hedi, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati. Chagua nati yenye tundu pana kidogo kuliko stadi. Kwa stadi ya M10 (kipenyo cha mm 10) mimi hutumia ile ya spana ya 17, ambayo kwenye magari ya Kijapani huwa ni M12. Iweke katikati ya stadi, anza kuchomelea kutoka katikati ya kipande chenyewe, jaza tundu ukipanda. Madini ya kuchomelea chuma hayashiki kwenye alumini, kwa hiyo ukimwagika kidogo pembeni hujaharibu kitu. TIG, ile ya ncha ya tungsteni na gesi, ndiyo bora, inayofuata ni ile ya waya na gesi. Ya fimbo inawezekana ukitumia fimbo nyembamba ya mm 2.5, lakini gaga lake linasumbua kwenye tundu dogo. Upande wa viwanda vidogo Nyakato kuna mafundi wenye TIG, na kuwalipa kwa dakika kumi ni nafuu kuliko hedi. Ikiwa umeamua kuchomelea injini ikiwa bado garini, chomoa betri na soketi ya kompyuta ya injini kwanza, na waya wa ethi uufunge karibu kabisa na stadi.

Ukishachomelea, usikimbilie spana. Acha rangi nyekundu ipotee na nati ipoe kiasi cha kuweza kusogeza kiganja karibu. Gusisha nta. Ndipo uzungushe, mbele kidogo, nyuma kidogo. Nati iking'oka, chomelea nyingine. Nimewahi kuchomelea mara nne kwenye stadi moja, ya nne ikatoka kwa vidole viwili. Kila mchomeleo unaipasha stadi kwa namna ambayo gesi haiwezi.

Keekee, kama hakuna njia nyingine

Kipande kilichokatikia ndani zaidi ya uso, ambacho welda hafiki, kinatobolewa. Kazi yote hapa iko kwenye kupata senta. Sawazisha ncha kwa kijiwe kidogo cha kusagia, kwa kuwa biti ikikutana na mteremko hukimbilia kwenye alumini, ambayo ni laini.

Usitegemee jicho. Nenda kwa fundi wa kukereza akutengenezee bushi ya chuma inayoingia kwenye tundu la flenji ya eksozi bila kucheza, yenye tundu la mm 3 katikati yake. Funga flenji kwenye stadi nzima zilizobaki, ingiza bushi mahali pa ile iliyokatika, toboa kupitia humo. Mwombe pia bushi ya pili yenye tundu la mm 6. Ni dakika chache za mashine, na zimeniokolea hedi nyingi.

Toboa polepole, biti kali, mafuta ya kukatia muda wote. Ukiweza kupata biti zinazokata kinyume, za mkono wa kushoto, nunua. Keekee ikizunguka upande wa kulegeza, wakati mwingine biti inauma na kipande kinatoka chenyewe kabla hujafika mm 6.

Kuhusu vile vichomoaji vya kusokota vinavyouzwa kwa seti, nina neno zito. Miaka ya mwanzo nilikatia kimoja ndani ya hedi ya mteja. Kichomoaji ni chuma kigumu kupita biti ya kawaida, biti inazunguka juu yake na kuungua. Nilikaa siku nzima nikikisaga kwa kijiti cha kabaidi, punje kwa punje, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu, na mteja ameketi nje kwenye benchi. Stadi iliyogoma kwa nati nzima haitamtii mtu aliyeikamata kwa kipini chembamba kilichomo ndani yake. Kitumie tu kwa stadi ambayo haijashikwa na kutu, iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi.

Kwa M10 yenye meno ya 1.25 (mm 1.25 kutoka jino hadi jino), ukifika biti ya mm 8.8 ukiwa katikati kweli, kinachobaki ni uzi mwembamba wa chuma ulioviringika ndani ya meno. Uchokonoe kwa ncha kali, uvute kwa koleo, kisha pitisha tapu (chombo cha kukatia meno ya ndani) ya M10 x 1.25 kusafisha. Umepata meno ya kiwandani. Ukiwa umetoka senta, au meno ya alumini yamekuja pamoja na stadi, weka springi ya meno ya aina ya Helicoil. Kwa saizi hii hutobolewa karibu mm 10.3, lakini fuata biti iliyokuja na seti yako. Meno ya springi ya chuma ndani ya alumini hushika kuliko meno ya mwanzo, kwa hiyo usione aibu kumweleza mteja kwamba umeweka.

Hapa kuna mtego unaonasa wengi wetu. Mtaani bolti tunaiita kwa spana yake: ya 12, ya 14, ya 17. Stadi ya M10 kwenye gari la Kijapani ina nati ya 14 na meno ya 1.25. Bolti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi inashikwa na spana ya 17, na meno yake ni 1.5. Ukiisukuma kwenye tundu la 1.25 itaingia mizunguko miwili, itakaza, na mkono utakudanganya kwamba imefika. Imekula meno. Peleka sampuli dukani, na jaribu nati juu ya stadi kwa vidole kabla ya kulipa.

Stadi mpya ingiza kwa mkono ukiwa umepaka grisi ya shaba au ya nikeli, kisha ibane kidogo tu. Stadi haikazwi kama bolti. Kinachokazwa ni nati.

Je, injini inahitaji kufunguliwa?

Kabla hujaivunja, tofautisha sauti mbili. Eksozi inayovuja kwenye stadi iliyokatika hulia "tiki tiki" kali asubuhi injini ikiwa baridi, na hupungua ikipata moto kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na mhimili wa kranki, hufanya kinyume: inakuwa mbaya oili ikishapata moto na kuwa nyepesi. Tenganisha koili ya plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Sauti ikipoa unapozima silinda fulani, beringi yake ndiyo inayogonga. Nimeona injini nzima ikifunguliwa kwa sababu ya gasketi ya eksozi, na nimeona pia beringi iliyokwisha ikiitwa gasketi hadi konrodi ikatoboa bloku, mwili wa injini.

Pima kompresheni pia, lakini kumbuka mahali ulipo. Uso wa ziwa hapa uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na geji itasoma karibu asilimia 12 chini ya namba za kitabu kwenye injini ambayo ni nzima kabisa. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa mbali, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi au pistoni. Isipopanda, tazama valvu. Kwenye EJ20 ya turbo ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi mbili huvunjika kwa urahisi mafuta yakiwa mabovu au turbo ikisukuma kupita kiasi.

Kuifungua

Kata kadibodi kubwa, chora umbo la hedi na bloku, chomeka kila bolti mahali pake kwenye mchoro. Piga picha kila hatua.

Mkanda wa taimingi ukitoka kwenye injini hizi zenye kamu nne (mihimili inayofungua valvu), usizungushe kamu ovyo. Valvu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe, hata pistoni zikiwa mbali.

Linalowashangaza wageni wa Subaru ni pistoni. Kwenye injini ya kawaida unafungua konrodi, unasukuma pistoni juu. Hapa kranki imefungiwa katikati ya nusu mbili za bloku na konrodi huzifikii. Mbele na nyuma ya bloku kuna matundu ya huduma yenye vifuniko, baadhi vikifunguliwa kwa spana ya L ya 14. Zungusha kranki mpaka pini ya pistoni ilingane na tundu, chomoa kipete kinachoizuia kwa koleo refu la mdomo mwembamba, kisha vuta pini. Ikigoma kwa kaboni, tengeneza kivutio cha fimbo yenye meno na uzito wa kuteleza. Pini nne zikitoka, ndipo unalegeza bolti za bloku na kuitenganisha. Usipenyeze bisibisi kati ya nyuso mbili za bloku. Hakuna gasketi hapo, ni silikoni peke yake, na mkwaruzo mmoja utavuja oili milele.

Andika namba kwenye pistoni na konrodi kwa kalamu ya rangi. Silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia, 2 na 4 upande wa abiria.

Kupima na kuamua

Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, na ndipo sikubali kuharakishwa na mtu yeyote. Osha kila kitu kwa dizeli, kisha kwa maji ya moto na sabuni, kisha puliza hewa kwenye kila njia ya oili. Kranki ina njia za ndani. Zisugue kwa brashi nyembamba ndefu. Kama beringi imesagika, unga wake umeenda kila mahali: kwenye turbo, kwenye kipoza oili, kwenye pampu. Turbo ifunguliwe na isafishwe. Kipoza oili usikioshe, kibadilishe, kwa sababu huwezi kuona ndani yake, na chembe zitakazobaki zitakula beringi mpya.

Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, urefu, upana na mikingamo. Geji ya mm 0.05 ikipita popote, hedi inakwenda kusagwa. Mpe fundi wa mashine maelekezo kwa maandishi, na mwambie atoe kidogo iwezekanavyo. Silinda zipimwe juu, katikati na chini, pande mbili kila mahali. Kranki yenye mikwaruzo inayoshika kucha inahitaji kuchongwa na beringi za saizi inayofuata, ingawa kwangu mimi, kwa injini ya turbo, kranki ya saizi ya kiwanda iliyo nzima ni bora kuliko iliyochongwa, hata kama itabidi kusubiri ifike.

Ringi mpya zipimwe moja moja ndani ya silinda yake. Isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima pengo kwa geji. Pengo dogo kuliko la kitabu kwenye turbo ni hatari, kwani ringi ikipata moto ncha zake zinakutana na kuvunja ukuta wa pistoni. Nafasi ya beringi pima kwa uzi wa Plastigage: unalaza, unakaza kwa nguvu kamili, unafungua, unalinganisha upana.

Viungo viwili vidogo huua EJ20 zilizojengwa vizuri. Cha kwanza ni bomba la kufyonza oili ndani ya sampu, ambalo hupasuka kwenye maungio, pampu ikavuta hewa. Cha pili ni skrubu za nyuma ya pampu ya oili, ambazo hulegea. Zitoe, zisafishe, paka gundi ya meno, kaza upya.

Kuifunga

Fagia banda, mwaga maji sakafuni, funga mlango wa upande wa barabara. Upepo wa mchana kutoka ziwani unaleta vumbi la kutosha kuharibu beringi.

Paka oili ya kujengea kwenye beringi, silikoni nyembamba kwenye uso mmoja wa bloku, unganisha, kaza bolti kwa mpangilio na nguvu ya kitabu cha mwaka wa injini yako. Rudisha pistoni na pini kupitia matundu yale yale, na kila kipete ukihisi kimeingia kwenye mfereji wake. Kipete kisichoingia vizuri hutoka injini ikizunguka na kuchana silinda.

Bolti za hedi zina utaratibu wake: zinakazwa kwa hatua, zinalegezwa nusu mzunguko mara mbili, zinakazwa tena kwa nguvu ndogo, halafu zinazungushwa nyuzi 80 hadi 90, kisha tena 80 hadi 90. Paka oili kwenye meno ya bolti na kwenye washa zake. Anayekaza moja kwa moja "mpaka mkono uridhike" atarudi na gasketi iliyoungua.

Kwenye mkanda wa taimingi, alama za kufuata ni mistari midogo iliyo pembezoni mwa sproketi, siyo mishale. Wengi wamelinganisha mishale na kupinda valvu siku ya kuwasha. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili na hakiki upya kabla ya kufunika.

Kuwasha

Jaza filta oili kabla ya kuifunga. Chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa sekunde kumi kumi ukipumzisha, mpaka taa ya oili izime. Maji ya redieta yawe kulanti halisi iliyochanganywa na maji safi ya chupa, siyo ya bomba wala ya ziwani. Kwa mwinuko wetu maji matupu huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo kifuniko cha redieta kisichoshika presha kinakuibia usalama ambao tayari ni mdogo. Toa hewa kwa subira, Subaru huificha.

Ikiwaka, usiiache ikiunguruma bure nusu saa. Ringi hukaa kwa mzigo. Angalia uvujaji, kisha toka nayo barabara ya Usagara kuelekea Misungwi, gia ya tatu, kanyaga nusu, achia iburute gari, kanyaga tena. Tumia oili ya kawaida ya madini. Imwage ikitimiza kilomita 100 na upasue filta uitazame karatasi yake, kisha imwage tena kwenye 500. Turbo usiibane kabla ya 1,500.

Baada ya wiki ya kwanza, gari likiwa limelala usiku kucha na eksozi imepoa kabisa, ingia chini na spana ya torki, pitia nati zote za eksozi moja moja. Gasketi mpya hunywea baada ya moto wa siku chache, na nati iliyolegea kidogo ndiyo inayoanza kupitisha gesi, kuchoma stadi, na kuirudisha kwenye hali ile uliyoikuta.